Cheti cha usalama wa tovuti si lazima kikugharimu maelfu

MFANYABIASHARA anayeuza viatu au vitambaa kupitia tovuti anaweza kupoteza washitiri pasipo kujua. Mteja hufungua ukurasa, akaona maandishi yanayomwonya kuwa mahali hapo si salama, akaufunga na kwenda kwingine. Hapigi simu kuuliza kulikoni. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome huonyesha onyo hilo kando ya anwani ya tovuti isiyotumia cheti cha usalama.

Cheti hicho hufanya kazi mbili. Huwezesha ujumbe unaosafiri kati ya simu ya mteja na seva yako kusimbwa, yaani kugeuzwa kuwa fumbo asiloweza kulisoma mdukuzi aliyejificha katika mtandao wa bure wa mkahawa au hoteli. Aidha, huthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye jina lililoandikwa juu ya ukurasa. Mtu anaweza kusema kuwa wateja wake hulipa kwa M-Pesa na nambari ya siri huingizwa kwenye simu, wala si kwenye tovuti. Ni kweli, lakini jina, nambari ya simu na mahali pa kupelekewa mzigo huandikwa pale pale dukani, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde.

Kosa la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba cheti ghali husimba ujumbe kwa nguvu zaidi. Sivyo. Nguvu ya usimbaji hutegemea mipangilio ya seva na kivinjari, si bei. Unacholipia ni kiasi cha uchunguzi anaofanyiwa mwenye tovuti. Cheti cha daraja la chini huthibitisha tu kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako, na hutolewa kwa dakika chache. Cha pili huhitaji stakabadhi za usajili wa kampuni. Cha tatu huwa na uchunguzi mkali zaidi, na ndicho cha bei ya juu. Zamani cha tatu kilikuwa na fahari yake, kwani jina la kampuni liliandikwa kwa rangi ya kijani kando ya anwani. Chrome na Firefox ziliondoa alama hiyo mwaka wa 2019. Muuzaji anayekuahidi rangi ya kijani leo anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Kwa duka dogo, shule, kanisa au msikiti, daraja la chini linatosha, nalo hupatikana bure. Shirika lisilo la faida la Internet Security Research Group, lililoko California, Marekani, lilianza kuutolea umma vyeti vya Let's Encrypt mnamo Desemba 2015. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, iulize kampuni inayohifadhi tovuti yako iwapo cheti kimo ndani ya ada unayolipa. Aghalabu kimo. Ikikataa kuruhusu cheti cha bure ili ununue chake, linganisha gharama ya kuhama. Benki, chama cha akiba au hospitali ina sababu ya kulipia uchunguzi wa kina, na pia mtu wa kupigiwa simu usiku mambo yanapoharibika.

Kuna mtego wa muda. Vyeti vya miaka mitatu vilikoma. Tangu Septemba 1, 2020, vivinjari vikuu havikubali cheti kipya kinachozidi siku 398. Mnamo Aprili 2025 watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipitisha ratiba ya kuupunguza muda huo hadi siku 200 kuanzia Machi 15, 2026, kisha 100 mwaka mmoja baadaye, na 47 kuanzia Machi 15, 2029. Anayekuuzia miaka mingi anakuuzia ahadi ya kukutolea vyeti vipya mara kwa mara. Basi swali lenye uzito kuliko bei ni hili: je, kitajifufua chenyewe? Cheti kilichoisha muda huzua onyo kubwa la kutisha linaloziba ukurasa mzima, na mteja akishaliona si rahisi kumrudisha.

Ukiamua kununua, mchunguze pia mtoaji. Mwaka wa 2011 wadukuzi waliivamia DigiNotar ya Uholanzi na kutoa vyeti bandia. Vivinjari viliacha kuiamini na ikafilisika mwezi Septemba mwaka huo huo.

Halafu usimruhusu muuzaji akutengenezee ufunguo wa siri na kukutumia kwa barua pepe. Ufunguo hutengenezwa kwenye seva yako na hubaki humo. Cheti kikishawekwa, hakikisha kwamba anayeandika anwani ya zamani inayoanza na http anapelekwa moja kwa moja kwenye https, pamoja na picha zote za bidhaa, ambazo mafundi wengi huzisahau.