Gemu za afya kwa wagonjwa vijana

Gemu za afya ni michezo ya simu au kompyuta inayomfundisha mgonjwa mwenye umri mdogo maradhi yake na kumsaidia kufuata tiba. Baadhi hutoa nyota kila mtoto anapobonyeza kwamba amemeza dawa. Hapo ndipo penye udhaifu wake: kidole chaweza kubonyeza na kidonge kibaki chupani.

Re-Mission, iliyotolewa na shirika la HopeLab la Marekani mwaka 2006, ilishika njia nyingine. Mchezaji humwongoza Roxxi, roboti ndogo inayosafiri mwilini ikishambulia seli za saratani, na kwa kucheza anaona dawa inavyofanya kazi. Matokeo ya jaribio lake, la wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29 katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia, yalichapishwa mwaka 2008. Wote walipewa gemu ya kawaida. Kundi moja likaongezewa Re-Mission. Kundi hilo lilishika dawa vizuri zaidi, na ushahidi haukutoka vinywani mwao: vifuniko vya kielektroniki vilirekodi chupa zilipofunguliwa, na damu ikapimwa dawa. Hata hivyo, ubora wa maisha haukuonyesha tofauti.

Nchini Kenya, gemu ya Tumaini ilitungwa na Chuo Kikuu cha Emory pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na kujaribiwa Kisumu mwaka 2017 na vijana 60 wa miaka 11 hadi 14. Hii ni ya kinga dhidi ya VVU, wala si ya wagonjwa. Mchezaji huwafuata wahusika wa rika lake, huwaamulia mambo, kisha huona uamuzi ulikowafikisha. Simulizi ya namna hii, kwa maoni ya mwandishi, inamfaa zaidi kijana mgonjwa wa pwani ya Kenya kuliko ubao wa alama.

Manda, kisiwa katika kaunti ya Lamu, ni mahali pa kulipima wazo hilo. Mgonjwa wa Maweni, kijiji cha wachonga mawe kisiwani humo, huvuka kwa mashua kwenda hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar mwaka 2015, hupeleka matabibu kwa jahazi katika visiwa vya Lamu. Kati ya safari moja ya tabibu na nyingine, kijana hubaki peke yake na dawa zake. Gemu ya kumfaa ichezeke bila intaneti, izungumze Kiswahili cha huko, na ifungwe kwa namba ya siri, kwa kuwa simu anayoishika huenda ni ya mamake.