Ubani Uliofika Maabara

Ubishi ulianzia kijiweni, jioni moja, baada ya gari jeusi aina ya Mercedes-Benz kupita na kutufunika vumbi. Jamaa mmoja, baharia mstaafu aliyewahi kukaa Hamburg, akasema Wajerumani petroli wanaiita "benzin" kwa heshima ya Bwana Benz aliyetengeneza motokaa. Kijiwe kizima kikakubali, na mimi nikiwemo. Nani angebisha? Tumekua tukilisikia neno "wabenzi", la kuwasuta wakubwa wanaojizungusha katika magari hayo. Tuliona jina la Benz linaweza kuzaa neno lolote.

Kumbe tulikuwa tumeingizwa mjini. Carl Benz alizaliwa mwaka 1844. Neno hilo lilikuwa limekwisha kubuniwa mwaka 1833, na aliyelibuni hakuwa na habari yoyote ya magari.

Huyo ni Eilhard Mitscherlich, mkemia wa Berlin. Alichukua asidi ya benzoiki, akaichanganya na chokaa, akaipasha moto. Akapata kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu, chepesi kushika moto. Kitu chenyewe hakikuwa kipya, maana Michael Faraday alikwisha kukipata London mwaka 1825 kwenye mabaki ya mafuta ya gesi ya taa. Lakini Faraday alikipa jina refu lisilokaa mdomoni. Mitscherlich alikiita "benzin" kwa kuwa kilitoka kwenye asidi ile. Sasa asidi yenyewe jina lake ililitoa wapi? Hapo ndipo patamu, msomaji wangu, sogea karibu.

Asidi ilitolewa kwenye utomvu mkavu wa miti ya Sumatra. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliuita "luban jawi", yaani ubani wa Java, kwani kwao Sumatra nayo ilihesabiwa Java. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliutaja utomvu huo katika habari za safari zake za mashariki. Haukuwa ubani wenyewe, ule wa Oman na Somalia, unaotoka kwenye mti mwingine kabisa. Ila ukitiwa motoni ulinukia, basi ukapewa jina la mwenzake.

Huko bandari za kusini mwa Ulaya waliposikia "luban jawi", wakadhani ile "lu" ni kile kijineno ambacho lugha zao hukitanguliza mbele ya nomino. Wakaikata! Ikabaki "banjawi", ikaviringishwa midomoni mpaka ikawa "benjui", kisha "benzoini", na hapo ndipo ilipozaliwa asidi ya benzoiki.

Msiwacheke. Wazee wetu wa pwani walilikata neno lile lile. Waliiacha "l", na "u" iliyobaki ikakaa vizuri kama ile ya ukuta na ubao. Kila mmoja alilisikia neno la mgeni kwa sikio la nyumbani kwake. Kwa hiyo ubani anaoufukiza bibi yangu kwenye chetezo, na ubani tunaompelekea mfiwa, yaani zile pesa za kumpa pole, ni ndugu wa tumbo moja na benzeni ya maabara.

Shuleni sikuambiwa hivyo. Ubaoni palichorwa pembe sita, kaboni sita, hidrojeni sita. Mwanafunzi mmoja aliuliza maana ya jina. "Hicho ni Kizungu, kariri," akajibiwa. Nikakariri, nikasahau, na cheti changu ni shahidi.

Jina la Mitscherlich halikudumu. Justus von Liebig, mhariri wa jarida kubwa la kemia, alilipinga mwaka 1834. Alisema mwisho wake unafanana na wa kwinini na strikinini, vitu vya jamii nyingine, akapendekeza "benzol", yenye mkia wa neno la Kilatini la mafuta. Wajerumani wakamfuata mpaka leo. Waingereza na Wafaransa waliishia kwenye mkia tunaoufuata na sisi tunaposema benzeni. "Benzin" ikabaki haina kazi, ikahamia kwenye mafuta mepesi ya kuondolea madoa, kisha kwenye petroli. Bwana Benz alipotoa gari lake mwaka 1886, jina lilikuwepo tayari likimsubiri. Ni sadfa tu, lakini sadfa yenye dharau!

Harufu ile tamu iliwadanganya wengi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuna Wajerumani waliotumia benzeni kuondoa kafeini kwenye kahawa ya kunywa. Leo inajulikana wazi kuwa benzeni husababisha saratani ya damu, na kiasi kidogo chake kimo ndani ya petroli.

Haya yote niliyapeleka kijiweni. Baharia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia gereji ya jirani. Kijana mmoja wa pale alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko ndani ya kopo la petroli, anatoa grisi.

"Kwa hiyo dogo ananawa ubani?" akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Nilimfuata yule kijana, nikamwambia atoe mikono akatafute sabuni. Akanitazama, akaupeleka mkono puani.

"Mbona inanukia vizuri tu, kaka," akasema.