Jina Chini ya Picha: Wachezaji wa Ngoma wa Uzaramo na Kazi ya Mkusanyaji

Makala haya yanachunguza alama ndogo ambayo mwanahistoria wa sanaa za maonesho hawezi kuipuuza, nayo ni saini ya mchezaji kwenye picha yake. Hoja ya msingi ni kwamba ngoma za pwani yetu zilipigwa picha katika miaka ileile ambayo wachezaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitia saini picha zao. Hata hivyo, jina lililobaki kwenye kadi zetu ni la mpiga picha. Jambo hili linamgusa moja kwa moja anayetafiti ngoma za Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha.

Waanzilishi wa dansi ya kisasa, kama vile Loie Fuller (1862–1928), Isadora Duncan (1877–1927) na Ruth St. Denis (1879–1968), waliacha filamu chache mno. Kilichobaki kwa wingi ni picha za studio zilizobandikwa kwenye kadi ngumu, ambazo mchezaji aliziandika kwa wino jina lake na, mara nyingine, jina la aliyempa. Mkusanyaji makini huikagua saini kwa lenzi: wino wa kalamu huzama katika nyuzi za karatasi, ilhali saini iliyochapwa kiwandani huonesha vitone. Kwa mwanahistoria, maneno ya kumkabidhi mtu picha yana thamani kuliko hata saini, kwa kuwa hufichua nani alimfahamu nani. St. Denis na Ted Shawn walifungua shule ya Denishawn mjini Los Angeles mwaka 1915, na Martha Graham alisoma humo. Picha moja iliyoandikwa vizuri yaweza kuthibitisha uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwaka 1906 St. Denis alipata umaarufu kwa onesho la Radha, akiwa amevaa kama mungu wa kike wa Kihindi. Vazi lilikuwa la wengine, saini ilikuwa yake.

Huku kwetu, studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar na ya C. Vincenti ya Dar es Salaam zilitengeneza picha na postikadi zilizonunuliwa na wasafiri. Penye wachezaji, maelezo mara nyingi yalikuwa neno moja tu: Ngoma. Neno hilo lilifunika kila kitu, mdundiko na beni, arusi na msiba. Tena, kabla ya 1905 kanuni za posta za Ujerumani ziliutenga upande wa nyuma wa kadi kwa anwani pekee, hivyo mtumaji aliandika salamu zake upande wenye picha. Kwa hiyo kadi ya ngoma ya wakati huo yaweza kweli kuwa na saini ya wino, ila ni ya msafiri anayemsalimu shangazi yake.

Hata hivyo, picha isiyo na jina si bubu. Mdundiko ni ngoma ya mwendo, huwachukua watu njiani kutoka mtaa hadi mtaa. Picha inayoonesha wachezaji wamepangwa mstari wakitazama kamera inatueleza zaidi amri ya mpiga picha kuliko ngoma yenyewe. Beni ni suala jingine. Vyama vyake vya Marini na Arinoti, ambavyo Terence Ranger alivichambua katika kitabu chake cha 1975, vilikuwa na sare na vyeo vya kuigwa jeshini. Sare hiyo ni namna ya saini, maana aliyeivaa alikusudia kutambuliwa. Kinyume chake ni mafunzo ya mwali, ambayo yana mambo yasiyokusudiwa kuonwa na kila jicho. Huko, kwa maoni yangu, mkusanyaji asilalamikie pengo.

Sauti ilikuwa na bahati kuliko mwili. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sahani ziliuzwa kwa jina lake. Mchezaji hakupata lebo ya namna hiyo.

Napendekeza, basi, kwamba mikusanyo iliyo ng'ambo, ukiwamo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, isomwe kwa kuanzia na aina ya ngoma, vazi na umbo la ngoma zinazopigwa, wala si kwa jina la studio. Kisha nakala zipelekwe Maneromango, Mzenga na Mlandizi, zitazamwe na wazee. Jina litakalotajwa liandikwe kwa penseli nyuma ya nakala, pamoja na la aliyelitaja na tarehe. Kadi hizo zimepita miaka 100. Anayeweza kuutambua uso sasa ni mjukuu, tena kwa kufananisha na uso wa bibi yake.