Hitilafu za mfumo wa EGR

'''Mfumo wa EGR''' ni sehemu ya injini ya gari inayorudisha kiasi fulani cha moshi wa ekzosi kwenye hewa inayoingia katika silinda. Lengo lake ni kupunguza joto la mwako na hivyo kupunguza gesi zenye sumu ziitwazo oksidi za nitrojeni. Katika magari ya zamani, mfumo huu huharibika zaidi kwa kuziba masizi kuliko kwa kuvunjika. Kwa sababu hiyo vali nyingi zinazobadilishwa zingeweza kusafishwa na kurudishwa kazini.

== Namna unavyofanya kazi ==

Oksidi za nitrojeni huongezeka sana joto la mwako linapopita nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Moshi unaorudishwa haurudi ili uchomwe tena, kwani sehemu kubwa yake haiwezi kuwaka. Unachukua nafasi ya sehemu ya oksijeni na kumeza joto, hivyo mwako unakuwa wa joto la chini.

Vali ya EGR ndiyo inayofungua na kufunga njia ya moshi. Katika magari mengi ya miaka ya 1970 hadi 1990 vali hiyo huvutwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa, kupitia mipira myembamba na kiwambo. Katika magari ya baadaye huendeshwa na mota ndogo ya umeme inayoamriwa na kompyuta ya injini. Kwa kawaida vali hufungwa injini ikiwa baridi na dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu zote. Katika injini za petroli hufungwa pia kwenye mzunguko wa chini, ambao mafundi wengi huuita sailensa.

Mfumo huu ulienea nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970.

== Dalili ==

Dalili hutegemea vali imekwama katika hali gani.

* '''Ikikwama wazi:''' injini ya petroli hutetemeka kwenye sailensa au huzima gari linaposimama. Injini ya dizeli hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi.
* '''Ikikwama imefungwa, au njia ikiziba:''' injini ya petroli inaweza kugonga gari linapopanda mlima au kubeba mzigo. Kwenye dizeli dereva huenda asihisi chochote, ingawa moshi una sumu zaidi.
* '''Kipoza moshi kikivuja''', kwa magari yaliyo nacho: maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakovujia, na moshi mweupe unaweza kutoka.

Dalili hizi hufanana na zile za kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli mbovu, kwa hiyo vali isihukumiwe kabla ya uchunguzi.

== Uchunguzi ==

Uchunguzi huanza na vitu vya bei rahisi:

# Kukagua mipira ya vakyumu kama imepasuka, imelegea au imechomekwa mahali pasipo pake.
# Kukagua soketi na nyaya za umeme kama zina kutu.
# Kusoma misimbo ya kompyuta, kwa magari yanayoitoa. P0401 humaanisha moshi unaorudi ni mdogo mno, na P0402 kwamba ni mwingi mno.
# Kuvuta kiwambo kwa pampu ya mkono ya vakyumu. Kisiposhika mvuto, kimetoboka.
# Kwenye injini ya petroli iliyo sailensa, kufungua vali kwa pampu hiyo. Injini ikitetemeka au kuzima, njia iko wazi. Isipobadilika ilhali vali inafunguka, njia imeziba.

Injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa kaboni monoksidi huua bila harufu. Vali ifunguliwe injini ikiwa imepoa.

== Usafishaji ==

Masizi huondolewa kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta, mbali na moto. Dawa isifike kwenye kiwambo wala mota ya umeme. Njia za moshi na manifoldi ya kuingizia hewa husafishwa pia, kwani vali safi kwenye njia iliyoziba haisaidii. Vipande vya masizi visiachwe vikaingia kwenye silinda. Wakati wa kufunga, gasketi mpya hutumika.

== Zanzibar ==

Magari mengi ya Unguja yaliingizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, zikiwemo Toyota Hiace za dizeli. Daladala namba 116 kati ya mjini na Nungwi husafiri takriban kilomita 60, zikisimama mara kwa mara kupakia na kushusha abiria. Injini ya dizeli inayokaa muda mrefu ikinguruma bila mzigo hurudisha moshi mwingi na kukusanya masizi haraka. Kisiwa hakina milima mirefu, kwa hiyo kugonga kwa injini ya petroli kunaweza kukaa bila kutambuliwa hadi gari lijae. Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, na hewa yake ya chumvi huleta kutu kwenye soketi na boliti.

== Kuziba mfumo ==

Baadhi ya mafundi huziba njia ya moshi kwa kipande cha bati. Gari lililokuwa na vali iliyokwama wazi huonekana kupata nguvu, lakini nafuu hiyo hiyo hupatikana kwa kuisafisha. Injini ya petroli iliyozibwa inaweza kugonga hadi pistoni ikaharibika. Katika injini nyingi za dizeli pampu ya vakyumu huhudumia pia breki, hivyo mpira uliochomolewa na kuachwa wazi unaweza kudhoofisha breki. Oksidi za nitrojeni nazo huwasha mapafu na kuzidisha pumu, hasa kwa watu wanaoshinda vituoni na kando ya barabara.

== Tazama pia ==

* Injini ya dizeli
* Daladala
* Uchafuzi wa hewa
* Nungwi