Kuta za Bukama

Nyumba ya udongo iliyochorwa ukutani si kitu kigeni kwetu. Tunapita tukienda sokoni au kanisani, tunatupa jicho, basi. Mwaka 1926 mpita njia mmoja alisimama, na kusimama kwake kumeandikwa katika historia.

Huyo ni Georges Thiry, Mbelgiji, mtumishi wa serkali ya kikoloni. Alikuwa Bukama, huko Katanga, kando ya mto Lualaba. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1918, na wasafiri walishuka garini moshi ili wapande meli za mtoni. Kwa hiyo watu wa kila namna walipita. Thiry akaona nyumba zenye picha. Akauliza ni kazi ya nani, akaonyeshwa Albert Lubaki, fundi wa pembe za ndovu.

Thiry alijua mvua yetu. Ukuta wa udongo haushindani nayo. Ndipo akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, naye akachora humo wanyama, ndege, miti na watu. Mkewe Antoinette alichora pia. Wasomaji wa kike wasimsahau. Halafu huko Kasai Thiry alimpata mchoraji mwingine, Djilatendo wa Ibanshi.

Picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, na Genève mwaka 1930. Zilisafiri pasipo mwenyewe. Baada ya miaka michache uhusiano wake na Wazungu wale ulikatika, na habari zake zikapotea.

Je, tumshukuru Thiry? Mimi namshukuru, kwa maana bila karatasi zile jina la Lubaki lingalikwenda na tope. Lakini ukuta ulikuwa wa kila mtu: mama atokaye mtoni na mtungi, mtoto, mgeni asiye na senti. Karatasi ilikwenda kukaa kabatini Ulaya, mbali na watu wa Bukama.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mwaka 2015 huko Paris yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo, na hesabu ya miaka yake ilianzia 1926. Ni kana kwamba uchoraji wetu ulizaliwa siku Mzungu aliposimama njiani. Kumbe Thiry alipofika Bukama, rangi ilikuwa imekwisha kukauka ukutani.