Mseto, Wala Si Chotara

Maneno matatu hugombea nafasi ya "haibridi": mahuluti, chotara na mseto. La kwanza wengi hulikuta kwenye kamusi tu. Chotara tumelizoea kwa ng'ombe wa maziwa na mbegu za mahindi, nalo libaki huko, kwa kuwa chotara ni kiumbe kimoja. Huwezi kumrudisha kwa wazazi wake. Mfumo mseto wa nishati ni jambo jingine. Paneli za jua, mtambo wa upepo, betri na jenereta ya dizeli kila kimoja hubaki na hulka yake, kama mchele na choroko ndani ya sufuria moja. Kinachoviunganisha ni kidhibiti, kinachoamua kipi kishike zamu na saa ngapi. Bila hicho, kijiji kina mitambo mingi tu, hakina mfumo.

Zamu hizo huanza na hali ya hewa. Kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, upepo huvuma zaidi usiku hadi alfajiri, na mchana jua halina mzaha: huko jua na upepo hupokezana vizuri. Cha kushangaza, mwaka 2019 shamba la upepo la megawati 310 lilizinduliwa katika kaunti ya Marsabit, umeme wake ukasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, huku mji wa Marsabit wenyewe ukiendelea kutegemea jenereta za dizeli na mitambo michache ya upepo.

Penye jua peke yake, wanunuzi hukimbilia jenereta kubwa "kwa usalama". Ni kosa la gharama. Jenereta inayofanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wake haichomi mafuta sawasawa. Masizi hujaa na injini huchakaa. Betri za asidi nazo, zikishushwa kila siku chini ya nusu ya chaji, hufa mapema. Za lithiamu huvumilia zaidi, ila bei yake ni ya juu, na neno "endelevu" halina maana kama ada za umeme haziachi akiba ya kununulia nyingine.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mashine ya kusaga kabla ya paneli. Ikisaga saa sita mchana, hula umeme wa jua moja kwa moja, na betri ndogo inatosha. Ikisaga saa moja usiku, wakati wa taa na televisheni, jenereta italazimika kuwashwa.