Sanduku la Chini ya Kitanda

Baba yetu alipofariki tulilitoa sanduku lake la bati, lililokaa miaka mingi chini ya kitanda katika nyumba yetu ya Kipawa. Sote tulijua kuwa ndani mna karatasi zake za siku za TANU, maana alipata kuwa katibu wa tawi, na kila tulipotaka kulifungua alitwambia tungoje. Tulingoja mno. Mchwa walikuwa wamepenya kwa chini, pale kutu ilipotoboa. Barua na daftari la ada vimegeuka udongo. Ilisalia kadi moja ya uanachama, nayo jina limeliwa nusu.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile nilielewa kuwa hata daftari lenyewe ni mali, nalo hupotea lisipotunzwa.

Tangu hapo humkumbuka sana Mzee Kleist Sykes. Huyu alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, kisha akawa karani wa reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa katibu mwasisi wa African Association hapa Dar es Salaam, chama ambacho mwaka 1954 kilizaa TANU. Mwaka 1933 akawa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya. Alifariki mwaka 1949, miaka mitano kabla ya TANU na kumi na miwili kabla ya uhuru.

Mtu wa namna hiyo angeweza kusahauliwa kabisa. Lakini Kleist alikuwa karani, na karani huandika. Aliacha habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Humo ndimo tunamopata kuwa alikutana na Dokta Aggrey wa Gold Coast, aliyepita hapa mwaka 1924, na kwamba mazungumzo yao yalimtia hamu ya kuwaunganisha Waafrika. Karatasi hizo zisingekuwapo, nani leo angelijua jambo hilo?

Wanawe walizitunza. Mjukuu wake, Daisy, binti wa Abdulwahid, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitumia kuandika habari za babu yake, na mwaka 1973 zikatoka katika kitabu cha Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe. Baadaye Mohamed Said naye alizitumia nyaraka za ukoo huo, na mwaka 1998 kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes kikachapishwa London. Wako wanaokubaliana na kitabu hicho na wako wanaokipinga. Hilo si baya. Hata kubishana kunataka karatasi mezani.

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Maandishi na hotuba za Mwalimu Nyerere za tangu 1952 hadi 1965 zilikusanywa na kuchapwa mwaka 1966, naye bado yu madarakani. Ni haki yake, na ni faida kwetu sote. Lakini waliotangulia hawakuwa na ikulu wala makatibu wa kuwapangia mafaili. Nyaraka zao zilibaki majumbani, kwa wajane na wajukuu, na usalama wake ulitegemea kama paa linavuja.

Nyumba ngapi za Ilala, Temeke na Kinondoni zina sanduku kama la baba? Mzee akiwa hai, mwombe alifungue, keti naye, muulize kila barua imetoka kwa nani, uandike. Akikubali, toa nakala, nyingine uipeleke Nyaraka za Taifa.

Mimi nimechelewa. Kadi ile nimeitia katika bahasha, na nyuma ya bahasha nimeandika jina la baba kwa ukamilifu.